Dawa ya minyoo isiishie mlangoni mwa darasa

Siku ya dawa ya minyoo, shule za msingi za Msambweni, Kwale, huwa na shughuli tangu asubuhi. Mwalimu husimama mlangoni na daftari la majina, mkebe wa vidonge uko mezani, ndoo ya maji ya kunywa iko pembeni. Watoto hupanga foleni. Kila mmoja hutafuna kidonge kimoja cha albendazole cha miligramu 400 mbele ya mwalimu, jina lake hutiwa alama, naye hurudi kukaa. Kazi hii ilianza mwaka 2009, na tangu 2012 imekuwa mpango wa kitaifa unaofika Pwani, Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa. Ni kazi njema. Watoto wengi wa Kenya wamepona kwa sababu ya kidonge hicho kimoja.

Saa hiyohiyo mama wa mtoto yule yuko shambani, pekupeku, anapalilia muhogo kwenye mchanga uliolowa mvua ya usiku. Baba yuko bondeni kwenye mpunga. Nyanya ameketi chini ya mwembe, miguu ameinyoosha mchangani, anapepeta mahindi. Wote watatu huenda wana minyoo, na hakuna aliyewaita kwenye foleni.

Hapo ndipo vita dhidi ya minyoo vinapopungukiwa nchini. Na Kaunti ya Kwale, kuliko kaunti nyingine yoyote, haina sababu ya kuendelea kungoja, kwa maana ushahidi wa kwamba njia hii ni nusu njia ulikusanywa hapahapa, katika vijiji vyake, kwa vinyesi na subira ya watu wake.

Minyoo inayosumbua zaidi Kwale si ile mirefu, minene kama kamba, ambayo mtoto akiitoa mama hupiga ukelele. Ni ile midogo ya safura, yenye urefu wa sentimita moja hivi, ambayo mtu anaweza kuishi nayo miaka bila kuiona hata siku moja. Tofauti ya aina hizi mbili ina uzito mkubwa kwa sera. Minyoo mikubwa huwapata zaidi watoto, kisha hupungua mtu anapokua. Safura haina tabia hiyo. Huanza utotoni, huongezeka kadiri mtu anavyokua, na hukaa kwa watu wazima, hasa wale ambao riziki yao iko kwenye udongo. Ukiwatibu watoto peke yao, umeacha hazina ya mayai ya minyoo nyumbani kwao, na mtoto aliyetibiwa Jumatatu atakanyaga Ijumaa pale alipojisaidia mtu mzima ambaye hakutibiwa.

Mnyoo wa kike wa safura hutaga maelfu ya mayai kila siku. Mayai hutoka na kinyesi. Kikianguka juu ya ardhi yenye joto, unyevu na kivuli, huanguliwa kwa siku moja au mbili, na baada ya siku tano hadi kumi kijinyoo kilichozaliwa huwa tayari kumwingia mtu. Kinaweza kungoja hapo wiki tatu au nne. Mguu ukikanyaga, kinapenya ngozi, mara nyingi katikati ya vidole ambako ngozi ni laini, na kuacha mwasho ambao mkulima huukuna na kuusahau. Kutoka hapo huingia kwenye damu, hupita moyoni na mapafuni, hupanda hadi kooni, humezwa na mate, kisha hufika kwenye utumbo mwembamba. Huko hung'ata ukuta wa utumbo na kuanza kunywa damu.

Jambo moja katika safari hiyo watu wengi hawalijui, na linafaa kurudiwa kila mahali: minyoo hii haizaliani ndani ya tumbo. Mayai yake hayawezi kukomaa humo. Lazima yatoke nje kwanza. Maana yake ni kwamba karibu kila mnyoo ulio tumboni mwa mkulima uliingia wenyewe, mmoja mmoja, siku fulani, alipokuwa anafanya kazi au anatembea. Mwenye minyoo mingi ni aliyekanyaga mara nyingi. Kwa hiyo mtu akitaka kujua ni nani walio hatarini zaidi Msambweni, asianze kuuliza nani mchafu. Aulize nani anashinda kwenye udongo, wa aina gani, na nani mwingine hupita hapo.

Ulimwengu ulijua kwamba kijinyoo hupita kwenye ngozi kwa ajali iliyotokea Cairo mwishoni mwa karne ya 19. Mtafiti Mjerumani, Arthur Looss, alimwagikiwa mkononi na maji yenye vijinyoo hivyo maabarani. Ngozi ikawasha na kuwa nyekundu. Majuma yakapita, akapima kinyesi chake mwenyewe, akayakuta mayai. Wenzake wengi hawakumwamini mwanzoni, kwa kuwa waliamini minyoo yote huingia kwa mdomo. Leo, zaidi ya karne moja baadaye, mahubiri ya minyoo katika vijiji vyetu bado ni yaleyale ya mdomo: nawa mikono, osha matunda, chemsha maji. Yote ni kweli kwa minyoo mikubwa na kwa kipindupindu. Kwa safura, mtu anaweza kunawa mikono mara kumi kwa siku na bado akaipata kupitia unyayo.

Sasa itazamwe ardhi ya Msambweni yenyewe. Kuanzia Gazi kupitia Msambweni mjini hadi Ramisi na Vanga, ukanda wa karibu na bahari una udongo wa kichanga. Mchanga hupitisha hewa na maji, na vijinyoo vya safura hupenda hivyo, kwani huweza kushuka chini jua linapochoma na kupanda tena umande unapoanguka. Udongo mzito wa mfinyanzi hauvipi nafasi hiyo. Juu ya mchanga huo watu wamepanda minazi, miembe na mikorosho, na chini yake muhogo, mahindi na kunde. Kivuli hakikosekani. Joto halikosekani mwaka mzima. Mvua za masika zikianza mwezi wa nne na vuli zikirudi mwezi wa kumi, unyevu nao haukosekani. Hakuna mkulima aliyechagua mambo haya. Shamba zuri la Pwani na makazi mazuri ya safura ni ardhi ileile.

Na misimu huzidisha. Mvua inapoanza ndipo palizi inapoanza, na palizi ni kazi ya kuinama. Mama hushika jembe dogo, huvuta nyasi kwa mkono wa kushoto, hufukua mizizi, hukung'uta udongo, hupiga hatua nusu, huinama tena. Miguu iko ndani ya udongo uliolegea hadi kwenye vifundo. Mikono nayo imo. Mtoto mchanga amelazwa kwenye leso chini ya mkorosho, na anayetambaa amekwisha kutoka kwenye leso. Kazi hii huchukua siku nyingi, alfajiri hadi jua kali, katika majuma yaleyale ambayo vijinyoo viko hai kwa wingi zaidi.

"Vaeni viatu," wataalamu husema. Ushauri ni sahihi, lakini mara nyingi anayeutoa hajawahi kupalilia. Champali kwenye udongo uliolowa hukwama, kamba hukatika, na jembe linapoteleza mtu huanguka. Gambuti huzuia minyoo vizuri, ila ni joto la kuunguza miguu saa nne asubuhi, na bei yake ni matumizi ya siku kadhaa kwa familia inayouza muhogo kwa mafungu. Kuna watu wazima Msambweni wenye jozi moja ya viatu vya maana, na jozi hiyo ni ya kwenda msikitini, kanisani, hospitalini na harusini. Kumwambia mtu huyo kwamba ana minyoo kwa sababu ya uzembe ni dhuluma. Kama kaunti inagawa mbegu na mbolea kwa wakulima, haijulikani kwa nini viatu vya kazi visihesabiwe kuwa pembejeo.

Choo ndicho kiini cha jambo zima, na hapa Pwani choo kina matatizo yake ambayo ripoti za Nairobi huyapita haraka. Shimo linalochimbwa kwenye mchanga halisimami lenyewe. Familia huchimba wakati wa kiangazi, huweka magogo ya minazi juu, hukandika udongo, huzungushia makuti. Mvua za masika zikija, kuta za shimo humomonyoka kutoka chini, magogo huanza kulegea upande mmoja, na siku moja mtu huingia akahisi sakafu inashuka. Baada ya hapo hakuna mtoto atakayekubali kuingia, na mzazi mwenye busara hatamlazimisha. Karibu na ufuo, palipo na mwamba wa matumbawe, tatizo ni kinyume chake: mwamba hauchimbiki kwa jembe. Na katika maeneo mengine maji ya ardhini yako juu mno, shimo hujaa kabla ya kutumika, na visima viko hatua chache tu kutoka hapo.

Shimo la kichangani linahitaji kujengewa kuta kwa mawe au kwa mapipa, na bamba la saruji juu yake. Hiyo ni pesa. Kampeni za kukomesha kujisaidia vichakani, ambazo Kenya ilianza mwaka 2007 na kuzipanua nchi nzima miaka iliyofuata, zilijengwa juu ya wazo la kuwaamsha wanakijiji wenyewe wachimbe bila ruzuku. Wazo hilo lina heshima yake, na kuna vijiji lilifanikiwa. Lakini choo kilichochimbwa kwa ari mwezi wa pili na kuporomoka mwezi wa tano kinaua ari pia. Mtu aliyechimba mara mbili hachimbi ya tatu. Kwenye mchanga, ruzuku ya saruji ni sehemu ya uhandisi, na kuikataa kwa jina la kujitegemea ni kuwaadhibu watu kwa aina ya udongo waliozaliwa juu yake.

Kuna pia mambo ya heshima ndani ya familia. Katika baadhi ya nyumba za Pwani, mkwe na baba mkwe kutumia choo kimoja ni jambo la aibu kubwa, na palipo na choo kimoja tu, mmoja wao huenda kichakani. Haifai kulicheka hilo. Ni sehemu ya adabu inayozishikilia nyumba hizo, na jawabu lake ni vyoo viwili vidogo au milango miwili inayotazama pande tofauti. Fundi akielezwa tangu mwanzo, hilo halimshindi. Na hata mwenye choo kizuri nyumbani, akiwa shamba lililo mbali na haja ikimbana, atakwenda kwenye kichaka kilicho karibu, na atachagua chenye kivuli.

Kivuli! Mafundisho ya Kiislamu, ambayo watoto wengi wa Msambweni hufundishwa chuoni kabla hawajajua kusoma gazeti, hukataza kujisaidia sehemu tatu: kwenye maji, njiani wapitapo watu, na kivulini wanapopumzikia. Mtu angeombwa leo, akiwa na elimu yote ya safura na kichocho, aandike kanuni fupi ya kuzuia maradhi haya mawili, asingeandika jambo lililo tofauti sana na hilo. Safura huishi kivulini na njiani. Kichocho huishi majini. Maimamu wa Msambweni wanayo hoja tayari mikononi, yenye uzito kuliko bango lolote la wizara, na ni jambo la kusikitisha kwamba maofisa wa afya ya umma huwafikia viongozi wa dini zaidi wakati wa mlipuko wa kipindupindu kuliko siku za kawaida.

Hatari nyingine haiko shambani, iko chumbani. Nyumba nyingi za vijijini Kwale zina sakafu ya udongo. Sakafu hiyo huletewa udongo na miguu yote iliyotoka nje, hulowa maji yakimwagika, na ndimo mtoto anamotambaa na kulala mchana. Mexico ililipa jambo hili uzito mapema. Mpango wake wa Piso Firme, ulioanza mwaka 2000 katika jimbo la Coahuila, uliwapa maskini saruji ya kutosha sakafu ya hadi mita 50 za mraba, wakaimwaga wenyewe. Watafiti walipopima baadaye, waliripoti mwaka 2009 kwamba kubadili sakafu yote ya udongo kuwa saruji kulipunguza maambukizi ya vimelea kwa watoto wadogo kwa asilimia 78. Upungufu wa damu pia ulipungua. Na akina mama walisema wana furaha zaidi, jambo ambalo wachumi hao waliliandika kwenye jedwali pamoja na mengine. Kwale nayo imekuwa miongoni mwa mahali ambapo watafiti wamejaribu sakafu bora majumbani, kwa kuwa sakafu ya udongo ndiyo pia makao ya funza, kero nyingine ya Pwani. Mfuko mmoja wa saruji unaweza kupigana na maradhi mawili au matatu, na hautafunwi mara moja ukaisha.

Je, minyoo midogo namna hii ina madhara gani makubwa? Mmoja hauna mengi. Aina iliyoenea zaidi hunywa tone dogo kwa siku, sehemu tatu katika mia za mililita. Lakini mwenye minyoo mia mbili anapoteza mililita sita kila siku, mwaka mzima, na chakula chake ni ugali, muhogo na mchicha, nyama mara moja moja. Chuma hakirudi kwa kasi inayotoka. Watafiti waliofanya kazi na watoto wa shule kisiwani Pemba, ng'ambo kidogo tu ya maji kutoka Shimoni na Vanga, waliandika mwaka 1997 kwamba safura ilikuwa chanzo cha robo ya upungufu wote wa damu kwa watoto hao, na asilimia 73 ya upungufu mkali. Huo ni mchango wa kutisha kwa mdudu ambaye wengi hawamhesabu kuwa ugonjwa.

Kwa mjamzito, hesabu ni mbaya zaidi. Malaria huvunja damu, mtoto tumboni huchukua chuma chake, safura hunywa kilichobaki. Siku ya uchungu inapofika mama huyo hana akiba. Damu ambayo mwingine angeipoteza akapona, yeye humpeleka kwenye hatari ya kufa. Ziko dalili ambazo watu wa Pwani wanazifahamu vizuri bila kuziunganisha na minyoo: kuchoka kwa kupanda kilima kidogo, moyo kwenda mbio, viganja kupauka, na hamu ya kula udongo. Utafiti uliofanywa kwa wajawazito wa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1998 ulikuta zaidi ya nusu yao wakila udongo mara kwa mara. Hamu hiyo huambatana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kubeba mayai ya minyoo mikubwa, hivyo mama anaongezewa aina nyingine. Mwongozo wa kliniki ya wajawazito nchini unataka wapewe dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza. Anayefika kliniki mwezi wa saba, akiwa ametembea kutoka kijiji cha ndani, amekosa miezi ya thamani. Na kabla ya mimba, na baada ya mtoto kuzaliwa, hakuna mpango wa kudumu unaomtafuta.

Kati ya mwaka 2015 na 2017, Kwale ilifanyika uwanja wa jaribio kubwa lililoitwa TUMIKIA, la taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI ikishirikiana na Wizara ya Afya na watafiti wa London. Vitengo 120 vya afya ya jamii viligawanywa makundi matatu. La kwanza lilipewa dawa kwa njia ya kawaida, watoto shuleni mara moja kwa mwaka. La pili lilipewa kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, nyumba kwa nyumba, mara moja kwa mwaka. La tatu vivyo hivyo, lakini mara mbili kwa mwaka. Waliobisha hodi na kugawa vidonge ni wahudumu wa afya wa vijiji vyenyewe, watu ambao mzee wa nyumba huwajibu "karibu mwanangu" kwa sababu anawajua wazazi wao.

Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2019. Walipotibiwa watoto wa shule peke yao, maambukizi ya safura katika jamii yalishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8 kwa miaka miwili. Kijiji kizima kilipotibiwa mara moja kwa mwaka, yalishuka kutoka asilimia 17.9 hadi 8.0. Kilipotibiwa mara mbili kwa mwaka, yalishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2. Yaani njia ambayo nchi inaitumia ndiyo iliyofanya vibaya kuliko zote tatu, na njia iliyofanya vizuri zaidi ilitekelezwa na wahudumu wa kawaida wa Kwale, siyo na wageni wenye magari.

Kinachouma ni kilichofuata. Watafiti walifunga hesabu zao, makala ikasomwa duniani kote, na mkulima wa Msambweni akarudi alipokuwa: mtoto wake hupewa kidonge shuleni, yeye hapewi. Sababu moja iko mbali na Kwale. Vidonge vingi vya bure hutolewa na watengenezaji wa dawa kupitia Shirika la Afya Duniani, na ahadi kubwa waliyoitoa London mwezi Januari 2012 kuhusu minyoo ya tumbo iliwalenga watoto wa umri wa kwenda shule. Mtu mzima alikuwa akipata albendazole ya bure Pwani kwa mlango wa nyuma, kwenye ugawaji wa dawa za matende, ambao unahesabiwa kwa miaka na una mwisho wake. Mpango wa kumtibu mkulima haufai kutegemea ugonjwa mwingine.

Wapo wanaopinga kwa hoja za haki, na wasikilizwe. Wanasema minyoo hurudi. Ni kweli: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya tiba, safura hurudi kufikia zaidi ya nusu ya kiwango ilichokuwa nacho. Hiyo ndiyo sababu ya kutibu kijiji kizima, ili mayai yanayoanguka yapungue kwa wote, na ndiyo sababu ya saruji ya choo na ya sakafu kwenda pamoja na dawa. Wanasema pia dawa ikitumiwa sana minyoo itazoea, kama ilivyotokea kwa mbuzi na kondoo mahali pengi duniani. Hofu hiyo ni ya kweli, na tiba yake ni kupima nguvu ya dawa kila baada ya muda. Kumwacha mama na minyoo yake si kinga dhidi ya usugu. Kilicho cha hatari zaidi ni hali ya sasa, ambapo mtu mzima hujinunulia dukani anachokipata. Kidonge kimoja cha mebendazole, ambacho wengi hukinunua kwa kuwa wanakijua jina, huponya safura kwa watu wachache zaidi kuliko kidonge kimoja cha albendazole. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2017 ziliweka tofauti hiyo kwenye karibu theluthi moja dhidi ya karibu wanane katika kumi.

Na isidhaniwe kwamba minyoo hii ni aibu ya Afrika. Kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 safura ilikuwa imeenea kwa wakulima weupe na weusi hata pesa za Rockefeller zikaunda tume maalumu mwaka 1909 kuishughulikia. Mwaka 2017 watafiti walirudi kwenye kaunti ya Lowndes, Alabama, mahali penye umaskini na maji taka yanayofurika kwenye nyua, wakapima watu 55 na kukuta dalili za mnyoo huo kwa 19. Taifa tajiri kuliko yote lilikuwa na safura palepale lilipowaacha watu wake bila choo cha maana.

Watu wa Msambweni wana dai lao la pekee katika jambo hili. Tangu miaka ya 1980 vijiji kama Milalani na Nganja vimekuwa vikiwafungulia milango watafiti wa kichocho, wa malaria, wa matende, wa homa za mbu. Vizazi viwili vimetoa mikojo kwenye vikopo, vidole vimechomwa, watoto wamepimwa urefu na uzito. Elimu iliyotoka hapo imetumika hadi Geneva, kwenye Shirika la Afya Duniani. Ni haki yao kuwa wa kwanza kufaidi kilichogunduliwa kwa miili yao wenyewe, na si wa mwisho.

Kwale ina watu 866,820 kwa sensa ya 2019. Inao wahudumu wa afya ya jamii wanaofika kila kijiji. Tangu Septemba 2023 wamepewa mikoba ya kazi, na posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi hulipwa nusu na serikali ya kitaifa na nusu na kaunti. Njia ya nyumba kwa nyumba iliyotumiwa na TUMIKIA kwa hiyo haihitaji kuundwa upya. Kinachokosekana kwenye mikoba hiyo ni albendazole ya watu wazima, mara mbili kwa mwaka, mzunguko mmoja kabla ya masika na mwingine kabla ya vuli, wanawake wa umri wa kuzaa wakitangulizwa, na wenye mimba changa wakisubirishwa hadi miezi mitatu ipite. Pamoja na hiyo, fungu la saruji kwa vyoo vya kichangani na sakafu za vyumba vya watoto, lianzie kwenye wadi za ukanda wa bahari ambako mashimo huporomoka kila mwaka.

Sheria ya fedha za umma inaitaka kila kaunti kupeleka mwelekeo wake wa bajeti kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio yenyewe kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo wananchi huitwa kwenye vikao vya kutoa maoni, na mara nyingi wanaofika huomba barabara, visima na basari. Wakulima wa Msambweni waende kwenye vikao hivyo na takwimu za TUMIKIA mkononi, 13.8 dhidi ya 6.2, wamuulize mwakilishi wa wadi yao ni ukurasa gani wa makadirio ulioandikwa dawa ya minyoo kwa mtu mzima, na ni shilingi ngapi.